Kidonge kilichoshindwa kuzuia mimba: historia ya tamoxifeni, na kwa nini mama aliyekimbia asiiache njiani

KISANGANI – Mama mmoja aliyevuka mto kutoka upande wa Lubunga pamoja na wajukuu wake aliniita pembeni, nikiwa nimekwenda kuuliza habari za chakula mahali familia za wakimbizi zinapolala. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi ya vidonge iliyobaki nusu.

“Mwanangu, wewe unayesoma, niambie ukweli. Hizi ni dawa za kuzuia kuzaa?”

Mama huyo alikatwa titi moja kwa sababu ya kansa, ile wengi wetu hapa tunayoita kansere. Baada ya upasuaji, munganga alimpa vidonge vya tamoxifeni, akamwambia ameze kimoja kila siku kwa miaka mitano. Akameza bila kukosa. Kisha vita vikamkuta, akakimbia. Kule alikokimbilia, kijana mmoja akasoma katika simu kwamba dawa hiyo ilitengenezwa ili wanawake wasipate mimba. Maneno yakaenea: wanawafunga mama zetu uzazi. Mama akaacha dawa. Nilipokutana naye alikuwa hajameza kwa wiki tano.

Jina lake silitaji, ameniomba hivyo. Lakini swali lake si la mtu mmoja. Tangu mgogoro wa Wambole na Walengola uanze mwaka 2023, familia nyingi zimekimbia, na kila familia inayokimbia huacha kitu nyuma: godoro, mbuzi, shamba la mihogo. Wengine huacha matibabu.

Nikaenda kusoma na kuuliza wanaojua. Jibu nililorudi nalo lilimshangaza mama, na mimi mwenyewe lilinishangaza. Yule kijana hakusema uongo mtupu. Alisoma mwanzo wa habari, akaacha mwisho wake. Leo tusome habari yote.

Ng'ombe wa maziwa na daktari wa Glasgow

Turudi nyuma hadi mwaka 1895. Wakati huo mji wetu ulikuwa bado kituo kidogo kwenye Maporomoko ya Stanley, ndani ya dola la mfalme Leopold II. Tippu Tip alikuwa ameshaondoka kurudi Zanzibar, lakini Kiswahili cha watu wake kilikuwa kimebaki, na ndicho tunachosema mimi na wewe leo.

Mwaka huo, katika mji wa Glasgow nchini Scotland, daktari wa upasuaji George Beatson alimtibu mama wa miaka 33 mwenye watoto wawili. Kansa ya titi ilikuwa imerudi baada ya kukatwa, na hapakuwa na njia ya kuikata tena. Beatson alikuwa amechunguza kwa miaka mambo ya kunyonyesha. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi fulani wafugaji humtoa ng'ombe mifuko ya mayai baada ya kuzaa, ili aendelee kutoa maziwa. Akawaza: kama mifuko ya mayai iliyo tumboni inaweza kutawala titi lililo kifuani, basi labda inatawala pia ugonjwa wa titi.

Akamfanyia mama huyo upasuaji, akaitoa mifuko yake ya mayai. Katika miezi iliyofuata uvimbe ukanywea hadi ukatoweka. Mama huyo akaishi karibu miaka minne zaidi, ingawa mwishowe ugonjwa ulirudi. Beatson aliandika habari hiyo mwaka 1896 katika jarida la waganga liitwalo The Lancet.

Waganga wengine wakajaribu. Wakaona kwamba wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini wengi hawakupata. Kwa nini huyu anapona na yule haponi? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 60 bila jibu.

Jibu lilianza kupatikana Chicago, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtaalamu Elwood Jensen alionyesha kwamba homoni ya kike iitwayo estrojeni haifanyi kazi popote inapopita. Hufanya kazi pale tu inapokuta kipokezi chake ndani ya chembe ya mwili. Fikiria kufuli na ufunguo. Estrojeni ni ufunguo unaosafiri katika damu, na kipokezi ni kufuli. Chembe yenye kufuli hiyo hufunguka na kuanza kuzaana. Isiyo na kufuli haisikii kitu.

Kansa nyingine za titi zina kufuli za estrojeni, na estrojeni ndiyo chakula chao. Nyingine hazina. Wale wagonjwa waliopata nafuu walikuwa na aina ya kwanza.

Dora Richardson na kidonge kilichokataa kazi yake

Sasa tufike kwenye kidonge chenyewe. Miaka ya 1960 makampuni makubwa ya dawa yalikuwa yakitafuta vidonge vya kupanga uzazi. Kampuni ya Uingereza iitwayo ICI ilikuwa na maabara Alderley Park, katika jimbo la Cheshire. Kiongozi wa utafiti huo alikuwa Arthur Walpole. Mkemia aliyekuwa akitengeneza dawa zenyewe alikuwa mwanamke, Dora Richardson. Mwaka 1962 alitengeneza dawa iliyopewa namba tu, ICI 46,474. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa tamoxifeni.

Walipoijaribu kwa panya, ilizuia mimba vizuri sana. Wakafurahi. Lakini mwili wa mwanamke si mwili wa panya. Kwa wanawake ilifanya kinyume: ilisukuma mwili upevushe yai. Dawa iliyotafutwa ili kuzuia mimba ikawa dawa inayoweza kusaidia mimba ipatikane. Baadaye Uingereza iliruhusu itumike pia kwa baadhi ya wanawake waliokuwa wakishindwa kupata mtoto kwa sababu yai lao halipevuki.

Hapo ndipo yule kijana alipoachia kusoma. Ni kweli dawa hii ilitafutwa kwa ajili ya kuzuia mimba. Lakini kazi hiyo ilishindwa kuifanya. Anayedhani kwamba tamoxifeni ni dawa ya kupanga uzazi amekosea mara mbili, na kosa hilo linaweza kumletea hatari, kama tutakavyoona chini.

Dawa iliyoshindwa kazi yake huwa inatupwa. Hii haikutupwa, kwa sababu Walpole alikuwa pia na hamu ya kansa. Alijua habari za Beatson na mifuko ya mayai. Kama dawa hii inaziba njia ya estrojeni, akawaza, labda itafanya bila kisu kile ambacho Beatson alikifanya kwa kisu. Vidonge vikapelekwa katika hospitali ya Christie mjini Manchester, kwa daktari mwanamke, Mary Cole. Mwaka 1971 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kwanza. Walikuwa wamewapa dawa hiyo wanawake 46 wenye kansa ya titi iliyofika mbali, na 10 kati yao walipata nafuu ya kuonekana.

Kumi kati ya 46 si wengi. Homoni zilizotumika kabla ya hapo zilileta nafuu ya kiasi kama hicho, lakini zilitesa: kutapika, kuvimba, wengine kuota ndevu. Wanawake wa Mary Cole waliivumilia tamoxifeni vizuri zaidi. Hilo ndilo lililowafungua macho waganga.

Hata hivyo, wakubwa wa kampuni hawakuwa na haraka. Waliona wagonjwa ni wachache na faida ni ndogo. Walpole na wenzake walipaswa kuitetea dawa hiyo isiachwe. Mwaka 1973 Uingereza iliiruhusu kwa kansa ya titi kwa jina la Nolvadex, na mwisho wa mwaka 1977 Marekani nayo ikairuhusu. Mwaka huohuo wa 1977 Walpole alifariki. Hakuona dawa yake ilipofika.

Ufunguo uliokatikia ndani ya kufuli

Mtu aliyeifikisha mbali alikuwa Craig Jordan, mtaalamu aliyezaliwa Texas na kukulia Uingereza. Yeye alionyesha kwa panya wa maabara jinsi dawa hii inavyozuia uvimbe wa titi, na kwamba ni bora kuitumia kwa muda mrefu kuliko muda mfupi. Alifariki Juni 2024, na waganga wengi wanamwita baba wa tamoxifeni.

Kwa maneno yetu ya nyumbani, tamoxifeni ni ufunguo uliokatikia ndani ya kufuli. Unaingia kwenye tundu, unakaa, haufungui. Estrojeni ya kweli inakuja, inakuta tundu limejaa. Chembe ya kansa inakosa chakula chake na kulala.

Angalia neno hilo: kulala. Baada ya upasuaji, chembe chache zinaweza kuwa zimebaki mwilini, ndogo mno hata mashine haizioni. Tamoxifeni huzilaza nyingi kati yake, na ndiyo maana mtu aliyepona kidonda na kujisikia mzima bado anaambiwa ameze kidonge kila siku. Hamezi kwa sababu ya maumivu ya leo. Anameza ili ugonjwa usirudi mwaka wa tatu, wa saba au wa kumi.

Matokeo yake yamepimwa kwa maelfu na maelfu ya wanawake. Wataalamu wa Oxford walikusanya majaribio ya nchi nyingi, wakaona kwamba kwa wanawake ambao kansa yao ina kufuli za estrojeni, kumeza tamoxifeni kwa miaka mitano kulipunguza vifo vya kansa ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 iliyofuata. Maana yake, mahali ambapo wangekufa mama watatu, mmoja anabaki na watoto wake. Jaribio jingine kubwa liitwalo ATLAS, lililohusisha nchi nyingi, lilionyesha kwamba kwa wengine miaka 10 ni bora kuliko mitano. Nani ameze mitano na nani kumi, hilo ni la kuamuliwa na daktari pamoja na mgonjwa.

Kwa wale ambao kansa yao haina kufuli hizo, tamoxifeni haisaidii. Ndiyo maana kipande cha nyama kilichokatwa hupelekwa kwenye maabara ya patolojia kupimwa. Si kila hospitali ina kipimo hicho, na familia nyingi hulipa kwa shida ili kipande kisafirishwe. Ukiambiwa kulipia kipimo cha vipokezi vya homoni, usidhani ni njama ya kukula pesa. Ndicho kinachosema kama dawa itakufaa.

Zamani vitabu viliacha picha kwamba kansa ya titi ya wanawake wa Afrika karibu yote ni ya aina isiyosikia homoni. Uchunguzi wa karibuni uliokusanya habari za nchi nyingi za Afrika umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wana kansa yenye vipokezi vya estrojeni. Kwa hiyo kidonge hiki ni cha dada zetu pia. Na si cha wanawake peke yao: wanaume wachache hupata kansa ya titi, na wengi wao hutibiwa kwa dawa hiihii.

Shirika la Afya Duniani, OMS, limeiweka tamoxifeni katika orodha ya dawa za lazima. Siku hizi viwanda vingi vinaitengeneza, na ni kati ya dawa za bei ya chini katika matibabu ya kansa. Kwa wanawake ambao hedhi yao imekwisha kwa umri, kuna pia dawa nyingine kama anastrozoli na letrozoli. Hizo hazizibi kufuli, bali huzuia mwili usitengeneze estrojeni. Kasoro yake ni kwamba hudhoofisha mifupa na kuleta maumivu ya viungo.

Somo la Yakusu

Sasa tuje kwenye madhara. Kabla ya kuyataja, nataka tukumbuke jambo la hapa kwetu.

Wazee wa mtoni wanajua Yakusu, misioni ya Wabaptisti iliyoko chini kidogo ya mji, ukifuata mto Kongo. Mwaka 1920 alifika pale daktari Mwingereza, Clement Chesterman. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukimaliza vijiji. Mwaka huohuo, daktari mwanamke Mmarekani, Louise Pearce, alikuja Léopoldville, Kinshasa ya leo, kujaribu dawa mpya iitwayo tryparsamide. Dawa hiyo iliwainua watu waliokuwa wamekwisha kulala usingizi wa kifo. Chesterman aliitumia Yakusu, na wengi wakapona.

Lakini dawa hiyohiyo ilikuwa na upande wa pili: iliweza kuharibu mshipa wa jicho na kumpofusha mtu. Palipokuwa na uangalifu wa kipimo, hatari ilipungua. Palipokuwa na haraka, msiba ulitokea. Kule Bafia, Kameruni, karibu mwaka 1930, kipimo kiliongezwa kupita kawaida, na watu kama 700 walipofuka.

Ninayataja haya kwa sababu mababu zetu waliona kwa macho yao kwamba dawa kali inaweza kuponya na kudhuru. Kuikubali bila kuuliza si akili, na kuitupa kwa sababu ya uvumi si akili pia. Kinachofaa ni kujua pande zake zote mbili, kisha kumeza kwa kipimo na kwa uangalizi. Tamoxifeni ni pole zaidi kuliko tryparsamide, lakini sheria ni ileile.

Madhara: ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Madhara ya kawaida yanaudhi, lakini kwa wengi si ya hatari. La kwanza ni joto la ghafla: mwili unawaka, jasho linatoka, hasa usiku. Kwetu hapa, karibu kabisa na ikweta, mama wengi hudhani ni malaria. Tofauti ni hii: joto la tamoxifeni huja na kuondoka katika dakika chache, na ukipima kwa kipimajoto hakuna homa. Ukiwa na homa ya kweli, nenda ukapime malaria kama kawaida, usisingizie kidonge.

Mengine ni hedhi kubadilika au kukatika, maji ukeni, kichefuchefu, uchovu, misuli ya miguu kukaza, na moyo kuwa mzito au mwepesi wa hasira. Mama ambaye amekwisha kupoteza nyumba anaweza kudhani huzuni yake yote ni ya vita. Huenda ni ya vita, huenda kidonge kimeongeza. Mwambie muuguzi. Mengi ya haya hupungua baada ya miezi ya kwanza, na daktari ana njia za kusaidia.

Madhara makubwa ni machache, lakini lazima kila familia iyajue.

Damu kuganda. Tamoxifeni huongeza hatari ya donge la damu kwenye mguu, na donge hilo linaweza kupanda hadi mapafuni. Dalili: mguu mmoja unavimba, unauma, una joto, hasa kwenye tope la mguu. Au kifua kinabana ghafla, pumzi inakata, unakohoa damu. Usingoje asubuhi. Hatari hii huongezeka kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kusogea. Anayesafiri kwa boti siku nyingi, au kwa pikipiki kutwa nzima, asimame kila baada ya muda, anyooshe miguu, anywe maji.

Kiharusi. Uso kupinda, mkono mmoja kukosa nguvu, maneno kutoka vibaya. Hapo pia hospitali mara moja.

Tumbo la uzazi. Nilisema tamoxifeni ni ufunguo uliokatika. Ajabu yake ni kwamba katika titi haifungui, lakini katika ukuta wa tumbo la uzazi inaweza kufungua kidogo, kama estrojeni yenyewe. Ndiyo maana inaongeza hatari ya kansa ya tumbo la uzazi, zaidi kwa wanawake waliokwisha kukatikiwa hedhi. Mwaka 1996 kituo cha utafiti wa kansa cha OMS kiliitangaza wazi hatari hiyo, na papo hapo kikasema kwamba kwa mgonjwa wa kansa ya titi faida ya dawa inazidi hatari yake. Kwa hesabu: katika jaribio kubwa la Marekani, kansa hiyo ilipata kama wanawake 2 katika kila 1000 kwa mwaka kati ya waliomeza, na chini ya 1 kati ya wasiomeza. Kwa hiyo ni nadra, lakini ipo. Mama ambaye hedhi yake ilikwisha, akiona damu hata tone moja, aende aonwe. Anayepata bado hedhi, ikitoka kwa wingi au nje ya siku zake, naye aende.

Macho. Wengine hupata mtoto wa jicho. Ukiona ukungu, sema.

Tahadhari kabla ya kumeza

Mwambie daktari kama umewahi kupata donge la damu au kiharusi, au kama una ugonjwa wa ini.

Mwambie dawa nyingine zote unazomeza. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, hupunguza sana nguvu ya tamoxifeni mwilini. Dawa fulani za huzuni, kama paroxetini na fluoxetini, huzuia mwili usiibadilishe tamoxifeni kuwa na nguvu yake kamili. Dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini ikichanganywa nayo inaweza kuleta kutokwa damu. Taja pia mizizi na majani unayokunywa. Usione haya. Daktari asiyejua hawezi kukukinga.

Na sasa ile hatari niliyoahidi kuirudia. Tamoxifeni haizuii mimba, na mtoto akiingia tumboni wakati mama anaimeza, anaweza kudhurika. Hata mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya kidonge anaweza kushika mimba. Kwa hiyo mwanamke ambaye bado ni wa kuzaa atumie kinga isiyo na homoni, kwa mfano kondomu au kitanzi cha shaba, wakati wote wa dawa na miezi kadhaa baada ya kuacha. Zamani miezi miwili ilionekana kutosha, siku hizi wengi hushauri tisa. Ukitaka mtoto, zungumza na daktari kwanza. Ukishuku una mimba, nenda upesi. Anayemeza tamoxifeni hanyonyeshi.

Waume nao wasome sehemu hii. Mzigo wa kinga si wa mama peke yake.

Ukikimbia, kimbia na karatasi yako

Mji huu umewahi kuona matibabu yakikatika. Mwaka 1964, wakati wa maasi ya Simba. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mitaa yetu. Mabomu yanapoanguka, hakuna anayekumbuka kidonge. Lakini kansa haingoji amani. Basi tujipange kabla.

Andika kwenye karatasi: jina la ugonjwa, tarehe ya upasuaji, jina la dawa, kipimo chake (kwa wengi ni miligramu 20 mara moja kwa siku), na tarehe uliyoanza. Kama una majibu ya maabara, yapige picha kwa simu ya mtoto. Funga karatasi ndani ya plastiki, iweke pamoja na kadi yako ya mpiga kura, maana hiyo hakuna anayeisahau.

Vidonge viwe mahali pakavu, mbali na jua na watoto. Chukua vya kutosha miezi michache kama duka la hospitali linakubali. Usinunue vidonge vya kumwagwa mezani sokoni, visivyo na karatasi yake wala tarehe ya kuisha.

Ukisahau kimoja, kimeze ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama siku imepita, endelea na cha leo. Usimeze viwili kwa pamoja. Ukikosa siku nyingi kwa sababu ya kukimbia, usilipe deni la vidonge. Rudi hospitali na karatasi yako, useme ukweli wa siku ulizokosa. Wengine watatumwa mbali zaidi: Kinshasa, au kuvuka mpaka hadi Kampala, ambako Taasisi ya Kansa ya Uganda imekuwapo tangu 1967, au Butaro nchini Rwanda, kituo kilichofunguliwa mwaka 2012. Popote utakapofika, karatasi hiyo itazungumza kwa niaba yako.

Kwa ndugu wanaomhifadhi mgonjwa: msimwonee kwamba anajifanya mgonjwa kwa sababu anameza dawa huku anatembea na kucheka. Anacheka kwa sababu inafanya kazi.

Nilirudi kwa yule mama. Nilimsomea habari hii polepole, nikianza na ng'ombe wa maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Kwa hiyo walitaka kuzuia watoto wasizaliwe, ikawa dawa ya kuwabakishia watoto mama yao?”

Nikamjibu, ndiyo mama.

Kesho yake alifuatana na mjukuu wake hadi hospitali, karatasi iliyobaki nusu mkononi. Daktari alimpima, akamwandikia aanze tena. Yule kijana wa simu ndiye aliyewasindikiza.